Mwaka wa Shamba Huanza Septemba: Kuishi na Familia Kwenye Nyumba Ndogo Milimani Lushoto

Tulihamia Lushoto mwezi Januari, na hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Basi lilipoacha lami ya chini pale Mombo na kuanza kupanda zile kona, kilomita 33 hadi mjini, watoto wawili walitapika, nami nikashuka nimekumbatia mfuko wa mbegu za kabichi kama mtoto wa tatu. Kesho yake alfajiri nilikuwa shambani. Mama mkwe alinitazama kutoka barazani, akaniacha nimalize tuta zima, ndipo akauliza, "Sasa hizo unapanda ule lini, mwanangu?"

Vuli ilikuwa imeshakatika, na masika bado miezi miwili. Kabichi zikafa zote. Mwaka uliofuata niliwahi mvua, lakini sikuwa nimekinga mteremko, na usiku mmoja wa Aprili udongo wangu mzuri ukashuka kwa jirani wa chini. Alinishukuru kwa mzaha hadi leo hajaacha.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi Januari. Unaanza Septemba, wakati wa vumbi, mwezi ambao mgeni anaona hakuna cha kufanya. Sisi tuna nyumba ya vyumba vitatu yenye paa la bati, jiko la nje, na kama nusu ekari iliyoinama. Kalenda hii inafaa kwa Usambara, na kwa kurekebisha kidogo inafaa Upareni na Taita, kokote kwenye mvua mbili, vuli na masika. Ukiwa Njombe au Mbeya, ambako mvua ni msimu mmoja mrefu, chukua kazi zenyewe lakini usifuate miezi yangu.

Septemba: kinga udongo kabla ya kununua mbegu

Kazi ya kwanza ni makinga maji. Milima hii imelimwa kwa vizazi na mteremko hausamehe, ndiyo maana utaona mistari ya majani ya gwatemala ikizunguka mashamba ya wenzako kama mikanda. Mstari ukiwa sawa, maji yanasimama na kuzama. Ukiinama hata kidogo, umechimba mfereji wa kuhamisha shamba.

Jicho halipimi usawa. Tengeneza kipimo cha umbo la A, na wape watoto kazi hii, wataipenda:

1. Kata fito mbili zilizonyooka, kila moja kama mita 2. Zifunge juu, zitanue chini, kisha funga fito ya tatu katikati ili herufi A ikamilike.
2. Ning'iniza kamba kutoka kileleni, mwisho wake ufunge jiwe. Kamba ipite mbele ya ile fito ya katikati.
3. Simamisha kipimo mahali popote, weka alama chini ya kila mguu. Kamba ikitulia, chora kwa mkaa pale inapogusa fito.
4. Geuza kipimo, mguu wa kushoto ukae kwenye alama ya kulia na wa kulia kushoto. Chora tena. Katikati ya alama hizo mbili za mkaa ndipo penye usawa, pakate kwa kisu.
5. Sasa tembea nacho shambani, mguu kwa mguu. Kila kamba inapotulia kwenye alama ya kisu, chomeka kijiti ardhini.

Ukimaliza utaona vijiti vimepinda kwa namna ambayo hukuitarajia. Usivinyooshe. Mume wangu alivinyoosha vyetu kwa kuwa vilimchukiza macho, na pale alipovinyoosha ndipo maji yalipopasua.

Mstari unaofuata uwe wapi? Simama kwenye mstari wa chini, tazama mbele bila kuinua wala kuinamisha kichwa, na pale macho yako yanapogonga ardhi ya juu ndipo pa kuanzia mwingine. Mteremko mkali utaisogeza mistari karibu karibu wenyewe. Chimba mtaro kufuata vijiti na udongo urushe upande wa juu, ujenge tuta. Vipandikizi vya gwatemala subiri kuvipanda juu ya tuta mvua ikianza, la sivyo vitakauka. Majani hayo baadaye ni chakula cha ng'ombe, au cha ng'ombe wa jirani kwa kubadilishana na samadi, kama tunavyofanya sisi.

Kazi ya pili ya Septemba ni gata. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Paa letu ni mita 7 kwa 6, yaani mita za mraba 42. Mvua moja nzito ya milimita 25 inatupa zaidi ya lita 1,000, na hata ukitoa moja ya tano iliyomwagika, simtanki la lita 1,000 linakaribia kujaa kwa mvua moja tu. Familia ya watu sita wanaotumia ndoo moja ya lita 20 kila mmoja kwa siku itakaa wiki bila kwenda kisimani. Safisha gata, ondoa majani, funga chandarua mdomoni mwa tanki mbu wasizae humo. Mvua ya kwanza ya msimu iache ipite, imebeba vumbi la miezi mitatu na kinyesi cha ndege. Maji ya kunywa yachemshe hata hivyo.

Oktoba na Novemba: vuli, bustani ya kwanza

Vuli ni mvua fupi na haiaminiki sana, kwa hiyo panda vitu vya haraka. Maharage ndiyo mfalme wa vuli kwetu: sentimita 50 kati ya mistari, 20 kati ya mashimo, na baada ya takriban miezi mitatu unavuna. Usipande kwa mvua ya kwanza ya kulowesha vumbi. Chimbua kwa kidole. Unyevu ukifika urefu wa kidole chote, panda.

Bustani ya mboga iweke hatua chache kutoka jikoni, hata kama kule mbali kuna udongo mzuri zaidi. Mboga iliyo mbali haipaliliwi, na haichumwi mtu akiwa amechoka. Tuta moja la mchicha, ambalo wiki ya nne unaanza kula, tuta la sukuma wiki, vitunguu majani pembeni, na hoho kwenye kitalu kilichofunikwa nyasi. Mnavu hujiotea wenyewe ukiuacha, tena bora kuliko nilivyowahi kuupanda.

Kila mtoto wetu ana tuta lake la mita 1 kwa 1, na sheria ni moja: mtu mzima haruhusiwi kulipalilia. Mdogo, ana miaka sita, alipanda mahindi ya bisi, vitunguu na kijiko. Kijiko hakikuota. Ila alikimwagilia wiki mbili, nami nikajua kwa nini vijiko vilikuwa vinapungua.

Desemba: plamu, na nyumba iliyojaa watu

Shule zimefungwa, binamu wametoka Tanga na Dar, na plamu zinaiva zote kwa pamoja kana kwamba zimepigiwa simu. Mafyulisi yanafuata nyuma, halafu mapeasi Februari. Barabarani Soni utawaona vijana wakikimbilia madirisha ya mabasi na ndoo ndogo. Ukiwa na miti mitano kama sisi, huwezi kula zote wala kuuza zote, kwani wiki hiyo kila mtu anauza. Pika jamu.

Chukua kilo 2 za plamu, ziwe nyingi zilizoiva na chache zenye uchachu, maana zile za uchachu ndizo zinazofanya jamu igande. Toa kokwa, weka sufuriani na kikombe kimoja cha maji, chemsha moto wa wastani hadi ngozi zilainike. Ndipo uongeze sukari, kilo 1 na nusu hivi. Ukiweka sukari kabla ya ngozi kulainika, zitabaki ngumu kama vipande vya mpira. Sasa ongeza moto na usiondoke. Mwanzoni povu litakuwa jepesi, la waridi, likipanda kwa kelele. Baadaye mapovu yanakuwa mazito na ya polepole, sauti inabadilika kuwa ya uji, na rangi inaingia wekundu wa giza. Hapo dondoshea tone kwenye kisahani ulichokipoza kwa maji baridi. Subiri kidogo, sukuma tone kwa kidole. Likijikunja uso kama maziwa yaliyopoa, epua. Likikimbia, rudisha dakika tano.

Chupa zichemshe kwa maji dakika 10, mimina jamu ya moto kwenye chupa ya moto, funga kifuniko kisicho na kutu. Mwaka wa kwanza nilimimina kwenye chupa baridi, ikapasuka mezani, na jamu ya moto ikamwagikia mkeka wa mama mkwe. Hakusema kitu. Alileta mkeka mwingine, akaukunjua kwenye chumba kingine. Hutaki kuanza na jamu? Nenda Irente Farm ukanunue na ya kwao, na mkate na jibini yao, ukale mbele kidogo pale Irente View Point ukitazama nyika chini. Ni matembezi mazuri ya Jumapili kutoka mjini, na watoto wakichoka wanarudi wakiwa wapole.

Januari na Februari: jua, kuni na misumari

Maharage ya vuli yanang'olewa, yanakaushwa juu ya turubai, yanapigwa kwa fimbo. Tenga ya mbegu kwanza, yale mazuri kabisa, kabla hujaanza kupika. Ukingoja kutenga mwishoni utapanda makapi.

Lakini kazi kubwa ya miezi hii ni kuni. Zipasue Februari, zipange chini ya upenu mahali ambapo mvua ya upepo haifiki, zitoshe hadi Juni. Aprili hakuna kuni kavu Lushoto kwa bei yoyote, na jiko la moshi siku tatu mfululizo linaweza kuvunja ndoa. Panda bati, gonga misumari iliyolegea. Chimba mtaro nyuma ya nyumba kupeleka maji pembeni. Kama nyumba yako imekaa chini ya ukingo uliokatwa wima, usisubiri, uchonge ukingo huo uiname taratibu na upande majani, na banda la mifugo lisikae chini yake. Huku milimani udongo huporomoka masika, na huporomoka usiku.

Kuku wapigwe chanjo ya mdondo, tone moja kwenye jicho moja, rudia kila baada ya miezi mitatu. Ongea na majirani mchange chupa moja, kwa kuwa dawa ikishafunguliwa haikai.

Machi hadi Mei: masika

Katikati ya Machi uwe umeshaweka ndani chumvi, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, betri za tochi na dawa ya mafua ya watoto. Barabara ya udongo ya kwetu hukatika mara mbili tatu kwa msimu, na bodaboda anayekubali kupita anatoza kama rubani.

Mahindi yapandwe mvua ikishashika: sentimita 75 kati ya mistari, 60 kati ya mashimo, punje mbili kila shimo, na kiganja cha samadi iliyooza. Panda maharage katikati ya mistari. Viazi mviringo navyo vinaingia sasa, lakini ndivyo vitakavyokuumiza kichwa. Ukungu chelewa unapenda hali ya hewa yetu hii ya baridi na umande. Asubuhi moja unaona mabaka meusi yenye maji kwenye majani, chini yake utando mweupe. Ukikaa siku chache bila kufanya kitu, shamba zima linanuka uozo. Panda mbegu safi, vipe nafasi upepo upite, inulia udongo shinani, na ukiona mabaka kwenye mashina machache yang'oe ukayafukie mbali. Dawa ya ukungu hukinga, haifufui, kwa hiyo mwulize bwana shamba mapema. Viazi utakavyovuna viweke gizani. Kilichogeuka kijani usimpe mtu, kina sumu.

Ndani ya nyumba, masika ni vita ya nguo mbichi. Tulifunga kamba juu ya jiko, na sare za shule zinanuka moshi. Walimu wameshazoea, darasa zima linanuka hivyo hivyo. Jioni umeme unakatika na hakuna anayelalamika sana, kwa kuwa ndiyo saa ya vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Wote tunajua ni yai tangu mwaka juzi, lakini mdogo anataka kukitega kila siku, nasi kila siku tunashindwa, tunampa mji. Ameshapewa Korogwe, Tanga na Mombasa. Juzi alikataa Mombo akisema kuna joto.

Juni hadi Agosti: baridi, ghala na moto

Watu wa pwani hawaamini kwamba kuna baridi Mkoa wa Tanga. Usiku wa Julai hukaribia nyuzi 10, na huko juu Magamba ukungu unakaa hadi saa nne asubuhi. Kila mgeni mpe blanketi mbili kabla hajaomba, kwa maana ataona haya kuomba.

Nikikazia jambo moja katika mwongozo huu wote ni hili: jiko la mkaa lisilale chumbani na watu. Hata dirisha likiwa wazi kidogo. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu wala haichomi macho, na aliyelala haamki. Ota moto jikoni familia nzima, kula huko huko, halafu jiko libaki nje na watu waingie kulala na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye soksi.

Na kwa kuwa mmekaa jikoni, pika makande. Mahindi na maharage yaloweke tangu jana yake, asubuhi yawekwe motoni chungu kikubwa na maji tele, yachemke taratibu mkiendelea na kazi. Chumvi iweke mwishoni, yakishalainika. Kitunguu, nyanya, karoti ya bustani, na ukiwa na nazi kutoka Tanga, tui zito dakika za mwisho. Bila tui pia yanalika, ila mama mkwe ataiita hiyo "chakula cha bweni."

Mahindi yanavunwa Julai na Agosti, wakati mbaya kabisa wa kukausha, manyunyu ya kila siku. Ndiyo maana nyumba za zamani huku zina dari juu ya moto. Moshi unakausha na kufukuza wadudu kwa pamoja. Sisi tunayaanika yakiwa na maganda darini wiki kadhaa, kisha tunapukuchua na kumalizia juani siku jua linapojitokeza. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, weka punje hadi robo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga na utikise dakika moja. Subiri chumvi itulie. Ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Ikianguka yote chini, yaweke ghalani.

Tunatumia mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka tatu, mbili za nailoni ndani na moja ya kiroba nje. Inafanya kazi kwa kunyima wadudu hewa, kwa hiyo kila tabaka lifungwe peke yake, kwa nguvu, bila hewa kubaki juu, na mfuko usiguse ukuta wala sakafu. Shimo moja la panya linaharibu kila kitu. Na ukishaufunga usiuchungulie chungulie. Nilifungua wetu mara tatu mwezi wa kwanza, kwa kuridhisha macho tu, nikawapa dumuzi hewa waliyokuwa wakiitafuta.

Mboji nayo ianzwe sasa, ili iwe tayari vuli: mabua yaliyokatwakatwa chini, majani mabichi, samadi, majivu kidogo, udongo wa juu, halafu rudia hadi kifuani. Nyunyiza maji kila tabaka. Chomeka fito katikati, na baada ya wiki uichomoe. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, inaiva vizuri. Ikiwa kavu yenye unga mweupe, ina kiu. Pindua kila baada ya wiki tatu, watoto wa likizo ya Juni wana nguvu za kutosha.

Mwishoni mwa Julai plamu zimepukutisha majani yote, na ndio wakati wa kupogoa. Toa matawi yaliyokufa, yanayosuguana, na yale yaliyopanda wima katikati kama fimbo. Acha mti uwe kama bakuli, mwanga uingie ndani. Mara yangu ya kwanza nililia nikidhani nimeua mti. Wiki chache baadaye, ukungu bado ukiwa umelala bondeni, maua meupe yalitoka kwenye matawi matupu, hakuna jani hata moja, na nyuki wakaja kabla ya sisi kunywa chai.

Hapo mtume mtoto darini akashushe kile kipimo cha A. Kamba itakuwa imeliwa na panya, kama kawaida yake, na jiwe halitaonekana. Tafuteni jingine.